Mguu wa Marehemu Hayon

Aljeri, mwisho wa mwezi wa Nisani, mwaka 5158 kwa hesabu yetu

Kwa shemeji yangu Hayon mwana wa Jucef, kisiwani Majorka.

Salamu, na baada ya salamu sijui nianze na lipi, kwa hiyo naanza na lililo zito. Maimó, mume wangu, ndugu yako wa tumbo moja, amefariki. Homa ilimkamata mvua zilipoanza, akakonda akabaki mifupa, na sikukuu ya kuwasha taa ilipofika tulikuwa tumeshamzika. Niwie radhi kwa kuchelewa kukuarifu. Kila nikishika kalamu najiuliza: hatujaandikiana hata mstari tangu mwaka ule wa fujo tulipokimbia, leo nianze na msiba?

Liko na la pili, na hili ndilo linaloniinamisha uso. Mtoto wetu mmoja alikufa kabla hajajua kutembea, na Mungu hakutupa mwingine. Sheria unaijua. Mjane asiye na mtoto ni wa ndugu wa marehemu. Ama ndugu amrithi, ama asimame naye mbele ya waamuzi, mjane amvue kiatu cha mguu wa kulia na kutema mate mbele yake, ndipo awe huru kuolewa kwingine. Maimó alikuwa na ndugu mmoja tu, nawe ndiye.

Nilikwenda kwa waamuzi nikawauliza, je, hata kama huyo ndugu amebatizwa? Mkubwa wao akanijibu, "Binti, aliyezaliwa Myahudi ni Myahudi, hata wakimchovya mara mia." Nikauliza kama hakuna mlango wa uani. Akasema ungekuwa umebatizwa kabla ya harusi yangu, wako walimu ambao wangenihurumia. Lakini wewe ulicheza kwenye harusi yangu mpaka mkanda ukakatika, na mtaa mzima ulikuona.

Yupo mtu anayenitaka. Anaitwa Mahluf, mtia rangi nguo, mgane mwenye mabinti wawili. Mikono yake ni ya buluu mpaka viwikoni, lakini ni mtu mwema. Mimi nimepanga chumba kwa watu, nasuka mikanda ya hariri, na macho yameanza kuchoka. Wafanyabiashara wa Majorka huja hapa kila mara kununua sufu na nta. Njoo nao, shemeji. Siku moja tu, kisha urudi kwenye mambo yako.

Barua hii anakuletea Saduni muuza nta, Myahudi wa hapa, ambaye ana ruhusa ya mfalme wenu kuingia bandari ya huko. Nijibu kwa mkono wake.

Mimi shemeji yako,
Mairona, mjane wa Maimó

*

Majorka, siku ya Mtakatifu Yohana, mwaka 1398

Bibi Mairona,

Naandika kwa herufi zetu, mlango nimeutia komeo. Ukishasoma, choma. Mkono umezisahau herufi hizi, utanisamehe zikikaa kombo.

Nimesikia habari ya Maimó. Mungu amrehemu. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Kuhusu la pili, nakuuliza: unamwandikia nani? Hayon mwana wa Jucef alikufa. Ninyi ndio mliomlilia. Saduni ana mdomo, alinisimulia zamani. Mlikaa chini matanga siku saba, mkachana nguo, mkala dengu za wafiwa, Maimó akamwombea nduguye sala ya wafu. Siku hizo marehemu alikuwa sokoni hapa anauza tini, na afya yake ilikuwa njema tu. Leo sheria imekumbuka kwamba ana mguu wa kulia. Maiti hana mguu, Bibi. Mliuzika pamoja naye.

Siwalaumu kwa habari ya mashua. Ilikuwa na nafasi ya watu wawili, na mama alikuwa hawezi hata kushuka ngazi za nyumba. Maimó alisema, "Nitarudi kuwachukua," na alisema kwa moyo, najua. Kesho yake watu wenye mapanga walisimama mlangoni, padri nyuma yao, wakauliza tunataka maji au chuma. Nikamwangalia mama. Nikasema maji. Yalikuwa baridi, basi. Sikuhisi kingine.

Hata ningetaka kuja, sina njia. Mtu kama mimi hapewi kibali cha kusafiri kwenda nchi za Waislamu, wanahofia tutarudia ya zamani. Biashara yangu ni ya Valensia na Sardinia. Aljeri sijawahi kuikanyaga wala sitaikanyaga.

Mama yu hai. Habari ya Maimó sijamwambia, kwa hiyo usimtumie salamu. Nakutumia mtungi wa mafuta ya zeituni, wa mavuno mazuri.

Guillem Fornells, ndivyo ninavyoitwa tangu maji yale

*

Aljeri, mwezi wa Tamuzi, 5158

Shemeji,

Mtungi wako nimemrudishia Saduni. Sijaufungua.

Hujawahi kuikanyaga Aljeri. Haya. Basi nieleze ni nani niliyemwona mwaka jana, mwezi kama huu, kwenye lango la ushuru la bandari. Nilikuwa nimekwenda kununua samaki. Nikasikia mtu anagombana na mpagazi: "Polepole, baba wee! Hilo furushi la nguo, si mzoga wa punda!" Nikasimama. Sauti ya Jucef baba yenu, sauti ya Maimó, sauti yenu ya nyumba nzima. Nikageuka nikakuona, na wewe ukaniona. Jua la Tamuzi, watu wanajipepea kwa chochote walichoshika, wewe ukavuta kofia ya joho mpaka kidevuni na kujipenyeza kati ya marobota ya sufu.

Nilirudi nyumbani na kapu tupu. Maimó akauliza, "Samaki wako wapi?" Nikamwambia wameoza. Sikumwambia kitu kingine, siku ile wala baadaye. Nilijiambia namkinga asiumie. Homa ilipompanda alikuwa anakuita. "Hayon, shuka, mashua inaondoka." Nami nimekaa pembeni na kitambaa cha maji, najua ulikuwa mjini humu humu, umelala katika nyumba ya wafanyabiashara Wakristo, ukisikia adhana ile ile tunayoisikia sisi.

Ya matanga ni kweli, na kwa kuwa umeyataja yapokee yote. Tulipofika hapa tulikuwa wachovu na wachafu. Wenyeji, Wayahudi wenzetu, walitunyooshea vidole: "Wale ndugu yao amekula nguruwe." Hakuna aliyetaka kutupangisha chumba. Maimó hakutaka kukulilia. Ni mimi niliyemwambia, tukae chini, tumlilie, yaishe. Dengu nilizipika mimi. Siku saba zilipoisha na wageni wakaondoka, akaniambia, "Leo nimemzika mtu anayepumua." Tulipata chumba. Nimeona haya kila siku niliyolala ndani yake, na ndimo ninamolala hadi leo.

Sasa sikiliza. Mahluf amesema atasubiri mpaka Sikukuu ya Vibanda ipite. Baada ya hapo ataoa mpwa wa Saduni, msichana wa miaka kumi na tisa, na sitamlaumu. Nami nitabaki mke wa marehemu wawili, mmoja kaburini na mwingine anauza tini.

Ukikataa, kataa. Lakini usiniambie huna njia.

Mairona

*

Majorka, wakati wa kuangua lozi

Mwanangu Mairona,

Mimi ni mama mkwe wako, Goig, ambaye padri anamwita Joana na yeye haitiki. Anayeandika ni huyu mwanangu, nimemwapisha kwa kaburi la baba yake aandike kila neno kama linavyonitoka, hata yatakayomchoma. Macho yangu yamekufa lakini masikio bado. Nasikia kalamu ikisimama. Umesimama kwa nini? Andika.

Alidhani atanificha. Tangu siku ya Mtakatifu Yohana hanyoi. Namuuliza, "Hayon, ndevu za nini kwenye joto hili?" Ananijibu, "Vipele, mama." Vipele! Nikanyoosha mkono nikampapasa kifua, nikakuta bitana ya joho imechanwa, kwa ndani, pasipoonekana. Upande wa kulia. Upande wa moyo tunachana kwa wazazi, wa kulia ni kwa ndugu, hilo hata mtoto wetu analijua. Hakuhitaji kunitajia jina. Nilimwambia, "Lini?" Akasema, "Wakati wa baridi." Habari ikichelewa namna ile sheria inataka ulie saa moja tu, unyanyuke. Yeye amekaa nayo kiangazi kizima, peke yake, tini mkononi, anawatabasamia wateja.

Tukalia wawili. Kisha nikamwambia, nisomee barua. Akasoma. Akafika mahali akakohoa, akaendelea. Nikamwambia, "Rudi ulipokohoa." Ndipo nikasikia habari ya kofia.

Mairona, ya dengu nayo nimeyasikia. Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, halafu ningekupikia. Ulimzika mwanangu yu hai ili upate chumba, na yeye amekuacha umefungwa ili auhifadhi uso wake. Mmetoshana kama sufuria na kifuniko, na sina nguvu za kuwaamua. Mimi mwenyewe nilibebwa mpaka kwenye birika lao la ubatizo juu ya kiti, kwa sababu ya magoti, na nilipotoka nilimwambia padri asante. Nilisema asante, mwanangu. Mdomo ulizoea adabu. Sijawahi kumwambia mtu.

Atakuja. Mguu huo niliuzaa mimi na ninautuma mimi. Wauoshe vizuri kwanza, maana miguu ya ukoo wa Jucef ilikuwa inanuka tangu enzi za babu yao.

Goig, mama yenu

*

Mama amelala. Haya naongeza mwenyewe.

Nilikuona. Ulikuwa na kapu, na shela yako ya kijani ile ya Majorka. Nilivuta kofia kabla sijafikiri, na nilipofikiri nilikuwa nimeshachelewa. Vibali hupatikana, vinanunuliwa kama kitu chochote. Nilikuja mara mbili. Mara ya pili nilisimama nje ya mtaa wenu, nikamwona Maimó amekaa mlangoni anakata kucha. Alikuwa ameota mvi. Nilikuwa nimejiandaa kumwamkia, na miguu ikageuka yenyewe. Nilijiambia nitarudi mwaka huu.

Nitakuja mwezi wa Septemba na merikebu ya sufu. Ninaomba jambo moja: mlango ufungwe. Waamuzi, wewe na mimi, basi. Wenzangu wa safari wakijua nitakuja kuhojiwa nikirudi, lakini sikufichi, hilo silo linalonitisha zaidi. Wote waliokimbia mtaa wetu wako huko. Nilicheza nao utotoni, walikula mezani kwetu. Sitaki wanione, Mairona. Naona aibu, siwezi kukwambia kiasi gani.

H.

*

Aljeri, mwezi wa Eluli, 5158

Shemeji Hayon,

Nimewabembeleza waamuzi mpaka nikajichukia. Hawataki mlango ufungwe. Lazima iwe mchana, katika sinagogi, mbele ya watu wasiopungua kumi, na yeyote anayetaka kuingia aingie, ili kesho asitokee wa kusema haikufanyika. Mate nayo lazima waamuzi wayaone kwa macho yao yakifika chini. Nilimwambia mkubwa wao, "Huyu mtu ana haya." Akasema, "Sheria haikumwekea mlango wa haya, binti." Si mtu mbaya. Alisema akiwa ameinamisha kichwa.

Nakueleza yote mapema yasije yakakushtua. Watakuosha mguu. Utavaa kiatu cha ngozi cha mahakama, chenye kamba ndefu, na utafunga kamba mwenyewe. Utasimama umekanyaga sawasawa. Utasema kwa kinywa chako, "Sitaki kumtwaa." Nitainama nifungue kamba, nikivue, nikitupe pembeni. Nitatema mate. Kisha nitasema maneno ya Torati, nayo ni haya: "Ndivyo atakavyofanyiwa mtu asiyeijenga nyumba ya ndugu yake. Na jina lake litaitwa katika Israeli, Nyumba ya aliyevuliwa kiatu." Watu watalirudia jina hilo mara tatu, kwa sauti. Usije ukadhani nimeyatunga mimi. Yaliandikwa hayo kabla yangu na yako.

Nimewasihi wenzangu, waliotoka Majorka, wasije. Wengine wamekubali. Wengine wamecheka.

Kwa mama: kibao nimekipokea, mama, na shavu linaniuma mpaka hapa. Hicho ulichomwambia padri, mimi ningesema hicho hicho.

Kama unaona huwezi, niandikie neno moja tu, "siwezi". Nitalielewa. Nitaumia, lakini nitalielewa.

Mairona

*

Aljeri, katika nyumba ya wafanyabiashara Wakristo

Mairona,

Nimeingia jana. Anayekuletea kikaratasi hiki ni Saduni. Nimeambiwa Jumatano asubuhi. Usije kunipokea, na tukikutana njiani pita kama hunijui. Nitakuja kwa miguu yangu.

Nimeosha mguu mara nne tangu nishuke.

H.

*

Aljeri, siku ya pili baada ya Sikukuu ya Vibanda, mwaka 5159

Shemeji,

Uliondoka sikuagana nawe. Nimeandika barua hii mara kadhaa, nikachana.

Ninataka ujue jambo moja kuhusu mate. Niliapa nafsini nitatema haraka, kidogo, iishe. Nilipoinama kufungua kamba nikaona vidole vyako vya mguu. Ni vya Maimó, Hayon. Kile kidogo kilichopanda juu ya mwenzake. Nilikivua kiatu, nikasimama, na kinywa kikakauka kabisa. Nikajaribu, hapakutoka kitu. Waamuzi wakangoja. Ndipo mtu nyuma akasema, "Mleteeni maji bibi harusi!" Na mwingine akadakia, "Maji mpeni shemeji, ndiye anayeyapenda."

Walicheka. Uliwasikia, nilikuona shingo ikiwa nyekundu. Sikucheka, lakini nilisimama tu pale kama mjinga, na kicheko hicho ndicho kilichonitia hasira mpaka mate yakaja. Kwa hiyo ukiona nilitema kwa nguvu, hayakuwa yako. Yalikuwa yao. Sheria haikuniruhusu kuwatemea wao.

Mahluf alicheka pia. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, mikono yake ya buluu kifuani, na nilimwona. Utaniuliza kama nitaolewa naye. Nitaolewa naye, baada ya Shabati ya tatu. Nina miaka thelathini na mmoja na macho yangu hayaoni tena uzi mwembamba. Lakini nimemwambia, siku mzaha ule ukisemwa ndani ya nyumba yangu, nitatoka na shela yangu. Alifedheheka. Akasema, "Nilicheka kwa sababu wote walicheka." Nikamwambia najua, mimi nilipika dengu kwa sababu hiyo hiyo.

La pili. Walipomaliza kulitamka lile jina mara ya tatu ulitoka kama mtu anayekimbia moto, na kiatu chako mwenyewe, cha Majorka, kikabaki pale ulipoketi kuoshwa. Nilikiona mimi kwanza. Nilikichukua nikakufuata. Ulikuwa unateremka ngazi kuelekea bandarini, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu, watoto wanakuzomea kwa nyuma: "Kiatu! Kiatu!" Ningeweza kukufikia. Nilifika kwenye kona ya muuza mkaa, nikaona wanawake wamesimama kwenye milango yao wananiangalia, mimi mwanamke huru wa saa moja, nakimbilia mwanamume barabarani na kiatu mkononi. Nikasimama. Nikavuta shela usoni.

Kofia yako nimeisamehe pale pale kwenye ile kona. Na wewe nisamehe shela.

Kiatu nakirudisha kwa mkono wa Saduni. Nimekipaka nta, ngozi ilikuwa imekauka. Mwambie mama nilikuona mguu ukiwa msafi kabisa.

Niko huru, Hayon. Uliniweka huru. Sijui kama kuna aliyekushukuru siku ile, basi nashukuru mimi.

Mairona

*

Majorka, mwezi wa Marheshvani, mwaka 5159

Mairona,

Tarehe hiyo juu nimeihesabu kwa vidole, mama akinisahihisha. Kama nimekosea, kosa ni letu wawili.

Kiatu kimefika. Nashukuru kwa nta. Mmoja wa wenzangu wa safari aliniona nikipanda merikebu na mguu mtupu, nikamwambia nimeibiwa. Alicheka, akawasimulia wengine, na wengine wakamsimulia padri. Nimeitwa Jumatatu nieleze. Nitasema nilikwenda kununua sufu, na sufu ipo, inaonekana. Mungu akipenda itaishia hapo. Lakini usiniandikie tena, wala usimpe Saduni salamu za mdomo. Hii ya kwako nitaichoma nikimaliza. Nimeshaisoma mara nyingi, naikumbuka.

Mzaha wa maji niliusikia. Ningekudanganya nikisema haukuniuma. Nilipokuwa nateremka zile ngazi nilitamani ardhi inimeze, na baharini njia nzima nililala nimegeukia mbao, nimejifunika. Nilijiambia nimekwenda kutoa mguu nimerudi sina hata uso. Sikutaka kuonana na mama. Nilikaa bandarini mpaka njaa ikanifukuza.

Alikuwa ananingoja kitini. Hakuuliza safari wala sufu. Aliuliza, "Amefunguliwa?" Nikasema amefunguliwa. Akasema, "Bwana asifiwe," kwa lugha yetu, kwa sauti, dirisha liko wazi. Nikaenda kulifunga.

Siku zilizofuata hakunisumbua. Kiatu kilipokuja alikiomba. Akakiweka mapajani, akaingiza mkono ndani, akakinusa, akasema ni mara ya kwanza kiatu cha ukoo huu kunukia nta. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Walikuitaje?"

Nikataka kukichukua kiatu, akakishika.

"Hayon. Mbele ya watu, walikuitaje?"

"Unajua, mama. Nyumba ya aliyevuliwa kiatu."

"Mkubwa wa waamuzi ndiye aliyesema?"

"Mairona, kisha wote."

"Wote, hata wale wa mtaa wetu?"

"Wote. Mara tatu. Walipiga kelele."

"Nisemee kama alivyosema yeye. Lote."

Nilimwambia lote. Uso ulikuwa unaniwaka, nikashukuru haoni. "Na jina lake litaitwa katika Israeli, Nyumba ya aliyevuliwa kiatu."

Akaugeuza mkono ndani ya kiatu.

"Katika Israeli," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, miaka saba hukuwa na jina lolote kule."

Nililia mbele yake, sikujificha. Anakusalimu sana, anasema uolewe kwa heri na usimpikie dengu huyo mtia rangi. Kwaheri, shemeji, ingawa sheria haituiti hivyo tena.

Hayon mwana wa Jucef, aliyevuliwa kiatu